Jiwe la Mizani na Siha ya Watu wa Makamo

Katika masoko ya nafaka ya Urusi ya kale, zama za utawala wa Tsar, kipimo kilichoshika hukumu ya biashara kilikuwa pudi, nayo ilikuwa ratili 40 za Kirusi, sawa na kilo 16.38 kwa hesabu ya leo. Msomaji wa pwani yetu, na hasa yule ambaye wazee wake walipima karafuu za Pemba au pembe za ndovu zilizoshuka kutoka bara, hahitaji maelezo mengi juu ya uzito huo, maana frasila yetu ya ratili 35 za Kiingereza yapungua kwa pudi kiasi cha nusu kilo tu, na mkono uliozoea frasila ungeipokea pudi bila ya kustaajabu. Mizani ya masoko hayo ilihitaji mawe, na mawe yenyewe yalikuwa ya chuma cha kusubu: tufe zito, chini limebapa lipate kutulia, juu lina mshikio mnene wenye nafasi ya kupitisha kiganja. Warusi huliita girya. Wapenzi wa mazoezi wa siku hizi, waliolipokea kwa njia ya Marekani, huliita ketlibeli.

Haikuwa ajabu, mahali ambapo wanaume wenye nguvu walishinda kutwa wakiyainua na kuyashusha mawe hayo, kwamba soko likiisha na watu wakapata wasaa pazuke ushindani wa nani ataliinua jiwe juu ya kichwa, nani atalirusha na kulidaka, na nani atayaweza mawili kwa pamoja, moja kila mkono. Mchezo ukatoka sokoni ukaingia katika sherehe za vijijini, ukapanda majukwaa ya sarakasi, ukafika na katika makambi ya askari. Kwa muda mrefu ulibaki kuwa tamasha la kuwastaajabisha watazamaji, na aliyejeruhiwa bega au kiuno katika kulitimiza alihesabiwa kuwa amekosa bahati, basi.

Nalileta jambo hili mbele ya wasomaji kwa sababu katika miji yetu, Dar es Salaam na Nairobi na Mombasa, girya imekuja ikiandamana na picha za vijana wenye vifua vilivyotuna, na mtu wa makamo akiiona hupita mbali, akidhani kwamba wakati wake umekwisha kupita. Tarehe ya chombo hiki yashuhudia kinyume chake. Aliyekitoa katika sarakasi akakiingiza katika elimu ya siha alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuvuka miaka 40, naye alikishika kwa ajili ya afya yake mwenyewe kabla ya kuwafundisha vijana. Na kila nikizidi kuichunguza tabia ya girya, umbo lake na vipimo vyake, huzidi kusadiki kwamba ni chombo kilichowaelekea watu wa umri huo kuliko wengine.

Mtu huyo ni tabibu Vladislav Kraevsky, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1841, wakati nchi ya Poland ilipokuwa chini ya mamlaka ya Urusi, akafanya kazi yake St. Petersburg na kujipatia huko jaha na heshima kubwa. Tarehe 10 Agosti 1885, kwa kalenda ya kale ya Warusi, aliwakusanya wapenzi wa mazoezi, watu waliokuwa na kazi zao nyingine za kila siku, akaunda nao chama. Na siku hiyo Warusi huihesabu mpaka leo kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwa mchezo wa kunyanyua vitu vizito nchini mwao. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha mazoezi kilichojaa vyuma vya kila namna, girya zikiwamo, na kutani zimetundikwa picha za mashujaa wa mieleka na wa kunyanyua. Kila pahalwani mashuhuri aliyepita St. Petersburg aliingia katika nyumba hiyo, na ilikuwa ada ya mwenyeji kwamba mgeni apimwe uzito, apimwe maungo, na akaguliwe kitabibu.

Hilo la kukaguliwa mimi naliona kuwa kubwa kuliko chuma chenyewe. Kabla ya Kraevsky, nguvu zilikuwa majaliwa: fulani kazaliwa nazo, fulani kanyimwa, na umri ukiingia ziondoke kama zilivyokuja. Yeye alizitazama kwa jicho la tabibu, akaziona kuwa kitu kinachoweza kukuzwa kwa kadiri, kupimwa, kuandikwa, na kuhifadhiwa hata baada ya nywele kuanza kuwa na mvi; na ushahidi wake wa kwanza ulikuwa mwili wake mwenyewe. Alifariki mwaka 1901, akaacha maandishi yanayoeleza namna ya kukuza nguvu za mwili kwa girya na bila ya girya. Maneno hayo ya mwisho yaonyesha ukubwa wa akili yake, kwani mtu aliyeshikwa na mapenzi ya chombo kimoja ni shida kukumbuka kwamba siha ina njia nyingine.

Mwanafunzi wake aliyepata sifa kuliko wote ni George Hackenschmidt, mzaliwa wa Dorpat katika nchi ya Estonia, mwaka 1877. Alikuwa kijana wa kiwandani katika mji wa Reval, ambao sasa waitwa Tallinn, alipopata jeraha la mkono, na katika kutafuta tiba akakutana na Kraevsky. Tabibu alipoyaona maungo yake alimwalika St. Petersburg, na mwaka 1898 kijana akawa mkaazi wa nyumba ile ile yenye chumba cha vyuma, akifundishwa kunyanyua, kula kwa kipimo, na kujiepusha na ulevi na tumbaku. Mwaka 1908 Hackenschmidt aliandika kitabu cha Kiingereza juu ya mazoezi na maisha ya siha, na shukrani zake kwa mwalimu wake zimo ndani yake. Mieleka haikumwacha salama: goti liliumia, na baada ya pambano lake na Frank Gotch mjini Chicago mwaka 1911 akaacha ulingo, hali bado ni kijana wa miaka 34. Lakini mazoezi hakuyaacha. Aliishi London akijituma kila siku, akisoma na kuandika mambo ya falsafa, mpaka akafariki mwaka 1968 akiwa na miaka 90. Katika miaka hiyo mingi isiyo na makofi ya watazamaji, Hackenschmidt aliithibitisha elimu ya mwalimu wake vizuri zaidi kuliko alivyoithibitisha ulingoni.

Mwanafunzi mwingine, Ivan Lebedev, ambaye Urusi nzima ilimjua kwa jina la Ami Vanya, alikuwa mtu wa kalamu na wa kuendesha mashindano. Tangu 1912 hadi 1917 alitoa gazeti lililoitwa Hercules, na mwaka 1916 akachapisha kitabu cha mafunzo ya girya nzito, hata karani wa mji wa mbali, asiyepata kumwona pahalwani, akaweza kujifunza peke yake chumbani mwake. Zama hizo hizo alikuwapo Pyotr Krylov wa Moscow, baharia wa zamani, aliyeitwa mfalme wa girya, ambaye husimuliwa kwamba aliinua girya ya pudi mbili kwa mkono wa kushoto mara 86, amesimama wima mithili ya askari gwarideni.

Ivan Poddubny anastahili zaidi ya mstari mmoja. Alizaliwa mwaka 1871 katika upande wa Poltava, nchi ya Ukraina, na kazi yake ya ujana ilikuwa uhamali katika bandari za Sevastopol na Feodosia, akipanda na kushuka ngazi za meli na magunia mgongoni; mtu wa Mombasa au wa Malindi ya Unguja anaijua kazi hiyo na anajua inavyowamaliza watu. Yeye haikummaliza, kwa kuwa aliongeza juu yake mazoezi ya girya yenye utaratibu, akaingia katika sarakasi, kisha katika mieleka ya Ulaya, akapigana na vizazi vitatu vya wapinzani. Katikati ya miaka ya 1920, umri wake ukiwa umevuka miaka 50, alikwenda Marekani akapigana na watu waliokuwa rika la wanawe, na ulingo hakuuaga mpaka mwaka 1941, alipotimiza miaka 70. Husemwa kwamba alitembea na bakora ya chuma yenye uzito wa pudi moja, ili mkono usipate kusahau. Miaka ya vita na iliyofuata ilikuwa ya njaa, na mwili mkubwa kama ule haukuweza kuishi kwa posho ya mkate iliyogawiwa raia. Mifupa ikadhoofu, paja likavunjika, akaenda kwa magongo hadi kufa kwake mwaka 1949 mjini Yeysk. Wanaomsifu huikata hadithi yake mahali pa ushindi. Mimi naona ni haki isimuliwe yote, maana mtu wa makamo ajuaye kunyanyua na asiyepata chakula cha kujenga mwili huwa anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono wa pili.

Sasa nirejee kwenye vipimo, kwa kuwa humo ndimo ilimo siri ambayo wengi huipita bila ya kuiona. Serikali ya Kisovieti ilipokwisha kushika nchi iliamuru vipimo vya mita na kilo, na kufikia 1924 pudi ikawa imefutwa katika biashara. Sokoni ikafa, katika mazoezi haikufa. Girya ziliendelea kusubiwa kwa vipimo vya pudi moja, pudi moja na nusu, na pudi mbili, yaani kilo 16, 24 na 32, na vipimo hivyo vingalipo mpaka leo. Tazama basi ukubwa wa hatua hiyo. Mwenye vyuma vya kawaida vya kunyanyua huongeza kilo moja leo na nyingine wiki ijayo, na tamaa humvuta aongeze kabla ya kano na viungo kuwa tayari. Katika ngazi hiyo ya pudi, mwenye girya ya kilo 16 hana pa kwenda ila kilo 24, ambayo ni nusu tena ya ile aliyoizoea. Hawezi kuruka kwa haraka hata akitaka. Yampasa akae na uzito ule ule miezi mingi, akiongeza idadi, akipunguza mapumziko, akisahihisha mwendo, akihamisha kutoka mikono miwili kwenda mmoja. Misuli hupata nguvu mapema. Kano na mishipa ya viungo huchelewa, na kwa mtu aliyepita miaka 40 huchelewa zaidi. Majeraha mengi ya umri huo hutokea katika pengo lililo baina ya haraka ya misuli na uzito wa kano, nao utaratibu wa pudi, ambao haukuwekwa na tabibu yeyote bali na wafanyabiashara wa nafaka, huliziba pengo hilo kwa kumlazimisha mtu asubiri.

Mwaka 1948 yalifanyika Moscow mashindano ya kwanza ya wenye nguvu wa Muungano wote wa Kisovieti, na girya za pudi mbili ndizo zilizoamua. Mwaka 1985 zikawekwa kanuni za mchezo kwa nchi nzima na ubingwa wa kwanza ukachezwa katika mji wa Lipetsk. Baadaye muda ukawekwa kuwa dakika 10. Katika dakika hizo mshindani haruhusiwi kuiweka girya chini. Hesabu ni ya mara ngapi ameinua, na pumziko lake analipata hali amebeba. Umtazame bingwa akipumzika ndipo utakapoufahamu mchezo: girya mbili zimelala juu ya mikono iliyokunjwa kifuani, viwiko vimeegemea mifupa ya nyonga, magoti yamenyoka, uzito wote umeshushwa kwa mifupa hata misuli ikapata nafuu, naye apumua kwa utulivu kana kwamba mikono yake ni mitupu. Ni elimu ya kutotumia nguvu pasipo lazima. Vijana huidharau mwanzoni, na watu wazima huielewa upesi. Ndiyo maana mashindano ya dunia yana makundi ya wakongwe, kuanzia umri wa miaka 40 na kuendelea, kwa uzito unaopunguzwa kadiri umri unavyopanda.

Nje ya mashindano, zoezi lililoipa girya sifa yake kwa watu wa makamo ni kuibembeza. Mtu husimama miguu imepanuka kidogo kupita mabega, girya iko sakafuni mbele yake. Hupinda nyonga, si mgongo. Makalio yakarudi nyuma, uti wa mgongo ukabaki umenyoka, magoti yakalegea kidogo. Huishika kwa mikono miwili, akaivuta ipite baina ya mapaja, kisha kwa ghafla akakaza makalio na mapaja akasimama wima, na girya ikaruka yenyewe mpaka usawa wa kifua. Mikono haikuivuta, imeiongoza tu. Kwa kuwa uzito wake uko nje ya kiganja, mbali na kifundo cha mkono, hujaribu kila mara kumvuta aliyeishika, na misuli ya kiuno, tumbo na mgongo hulazimika kumzuia asiende nao. Kazi hiyo ya kupinda nyonga na kusimama ndiyo afanyayo mtu akiinua ndoo ya maji, akiinuka kitini, akipakia gunia garini. Na ndiyo anayoikosea anapoumia kiuno. Anayepinda mgongo badala ya nyonga, au anayebana pumzi hali ana maradhi ya presha, atadhurika na girya sawasawa na atakavyodhurika na gunia, na kwa sababu hiyo ada ya Kraevsky ya kumwona tabibu kwanza haijapitwa na wakati.

Kuenea kwa girya nje ya Urusi ni habari fupi. Pavel Tsatsouline, mzaliwa wa Minsk aliyehamia Marekani, aliandika makala juu ya girya katika jarida la wanyanyuaji mwaka 1998, na mwaka 2001 akatoa kitabu na kuanzisha mafunzo ya walimu. Tangu hapo chuma hicho kikaenda kila pembe ya dunia, nasi kikatufikia.

Wanavyuoni walipokuja kukichunguza walikuta mengi ambayo wazee walikuwa wakiyatenda bila ya kuyaandika. Mwaka 1990, mjini Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwapa mazoezi ya uzito wazee 10 wenye umri wa kiasi cha miaka 90, na katika wiki 8 nguvu za miguu yao zikapanda zaidi ya maradufu. Hayakuwa mazoezi ya girya, bali yaliiondoa hoja kwamba mwili mkongwe haufunziki. Mwaka 2011, huko Denmark, Kenneth Jay na wenziwe walichapisha habari za wafanyakazi 40, wengi wao wanawake, wastani wa miaka 44, ambao nusu yao walibembeza girya dakika 20 mara 3 kwa wiki kwa muda wa wiki 8: maumivu ya shingo, mabega na kiuno yakapungua, nguvu za mgongo zikaongezeka, ijapokuwa pumzi ya mbio haikuongezeka. Mwaka 2012 Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alipima jinsi uti wa mgongo unavyosukumwa katika kubembeza, akakuta kwamba sehemu ya msukumo huo huelekea upande ulio kinyume na ule wa kunyanyua kwa kawaida. Akaona kwamba huenda hiyo ndiyo sababu ya baadhi ya wenye maumivu ya kiuno kupata nafuu kwa girya, na wengine kuzidiwa. Na mwaka 2022, Neil Meigh na wenzake wa Australia walieleza habari za watu 32 wa miaka 59 hadi 79, wasiokuwa na desturi ya mazoezi, waliofundishwa girya kwa miezi 3 chini ya uangalizi, na mshiko wa mikono yao ukazidi nguvu. Mshiko si jambo dogo, kwani matabibu huutumia kukadiria nguvu za mwili mzima wa mzee.

Viwanda vya leo husubu girya za kilo 4, 6, 8, 10, 12 na kuendelea, na hapana shaka kwamba girya hizo nyepesi ndizo zilizowafungulia mlango wanawake na wazee, ambao utaratibu wa kale uliwaacha nje kwa kuwa pudi moja ilikuwa kizingiti kirefu mno. Mwanamke aliyepita miaka 50 na asiyepata kushika chuma atafaa kuanza na kilo 8, na mwanamume wa rika lake na kilo 12, baada ya kujifunza kupinda nyonga bila ya uzito wowote mpaka mwendo uwe tabia. Lakini akishafika kilo 16, mimi ningependa arudi kwenye ngazi ya Warusi: aziache za 18 na 20 dukani, akae na hiyo ya 16 mwaka mzima ikibidi, mpaka aweze kuibembeza kwa mkono mmoja dakika 10, akibadilisha mikono apendavyo, bila ya kukatika pumzi wala kuamka kesho yake na kiuno kinachouma, ndipo aitafute ya 24.